Mkaguzi na Kopo la Mihuri

Ukimwalika Mkaguzi harusini, ulijua atakaa karibu na sinia la nyama na hataionja. Ataigeuza kwa ncha ya kisu, aitazame pembeni, airudishe ilivyokuwa, kisha ale wali na maharagwe kwa raha zake. Wenye harusi walimtazama roho juu. Akiigeuza na kunyamaza, watu walikula. Sikuwahi kumwona akiharibu karamu ya mtu, lakini nimeona wapishi wakitokwa na jasho wakiwa mbali na jiko.

Alikuwa mkaguzi wa nyama katika kichinjio cha hapa Isiolo kwa miaka mingi, na alipostaafu jina lilimfuata nyumbani. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi walimwita Mkaguzi bila kujua alikagua nini. Habari za ukoo wake mwulizeni mwingine. Mimi najua tu kwamba alitoka kule juu Meru kwenye migomba na baridi, akashuka huku kwenye vumbi, akatupenda. Nina duka la kalamu na karatasi karibu na soko, na nilimjua kwa sababu ya wino. Yeye mzee wa kanisa akiingia dukani husema, "Salaam aleikum, mama." Na mimi na buibui yangu humjibu, "Bwana asifiwe, mzee." Tulisalimiana hivyo kila mara, na kila mara wateja wageni waligeuka kututazama.

Siku alipostaafu alirudisha ofisini muhuri wa kazi, ule wa kugonga kwenye mapaja ya ng'ombe. Aliniambia mkono wake wa kulia ulimsumbua baadaye, kwamba ulikuwa unatafuta kitu cha kugonga. Basi akipita kwa mwanamke mmoja anayeuza mitumba ya vitu vya watoto, akaona kopo la biskuti katikati ya lundo la midoli. Ndani mlikuwa na mihuri ya mpira yenye mishikio ya mbao, kila mmoja na picha yake. Kulikuwa na mwanamke anayemshika simba mdomo, mzee aliyebeba taa, mtu aliyening'inizwa kwa mguu mmoja kichwa chini, mbwa wawili chini ya mwezi, na mifupa mitupu ya mtu imepanda farasi. Mwenye mitumba alidhani ni vitu vya chekechea.

Alikuja nalo dukani mbio kutafuta pedi ya wino. Tuligonga picha zote kwenye karatasi moja pale mezani, na mimi kwa upekuzi wangu nikaziingiza kwenye simu. Jibu lilikuja mara moja.

"Mzee," nikamwambia, "hizi ni picha za karata za kupigia ramli. Wazungu wanaziita taroti. Mtu anachaguliwa karata, anaambiwa bahati yake."

"Anaambiwa na nani?"

"Na mpiga ramli."

"Huyo mpiga ramli amewahi kupasua ini akaangalia ndani?"

"Sidhani."

"Basi wacha nisome mwenyewe."

Akasoma kweli, akavaa miwani na kuinamia karatasi ile kama nyama iliyo kwenye ndoana. Yule mwanamke na simba, alisema, anaangalia meno ajue umri wa mnyama. Mzee mwenye taa anaenda kazini kabla ya kupambazuka, kwa sababu mkaguzi akichelewa bucha zote zinachelewa. Wale mbwa chini ya mwezi ni mbwa wa kichinjio, wanangoja kitu kitupwe. Kulikuwa na malaika anayemimina maji kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Huyo aliamua ni mama anayepooza chai. Na yule wa kuning'inia kichwa chini ndiye aliyemfurahisha kuliko wote.

"Angalia uso wake, mama. Ametulia. Amefungwa mguu wa nyuma, ananing'inia sawasawa. Huyu amekaguliwa, amepita."

Nilijaribu kumwambia kwamba simu inasema vingine. Alinitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiwatazama wenye bucha waliokuja kubishana.

Tangu hapo akawa mtu wa kadi. Alinunua kwangu karatasi ngumu za manila, nikamkatia vipande vya kiganja, naye akagonga picha moja katikati na kuandika neno chini yake kwa mwandiko wa karani. Hakuuza hata moja. Alimpa mtu ile aliyoona inamfaa, na hukuruhusiwa kuchagua. Wanafunzi waliongoja majibu ya mtihani walipata mbwa na mwezi: "Ngoja." Waliovunjika walipata mifupa juu ya farasi: "Itaunga." Isiolo haikosi mtu wa bodaboda aliyevunjika, kwa hiyo mifupa ilitembea sana. Ungewakuta vijana wodini wamefungwa plasta, kadi ya Mkaguzi imebandikwa ukutani juu ya kichwa, na hakuna aliyeogopa. Walijua imetoka kwa nani.

Mimi alinipa mama wa kupooza chai. Ilikuwa siku niliyomfukuza mteja dukani kwa rula, kwa sababu nzuri tu, lakini yeye alikuwa mlangoni akaona. Kesho yake akaniwekea kadi juu ya meza, chini ameandika "Pole pole." Nilinuna siku nzima. Kisha nikaibandika karibu na droo, na siwezi kusema haijanisaidia.

Aliyepata wa kuning'inia ni Haji mwenye bucha, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Urafiki huo wenyewe ulikuwa wa ajabu. Kazini, Mkaguzi aliikataa na kuitupa nyama ya Haji kuliko ya mtu yeyote, wakigombana mpaka watu wa soko wanasikia, na jioni ungewakuta wamekaa benchi moja mbele ya bucha. Mwezi wa Ramadhani Mkaguzi hakunywa chai mbele ya Haji. Alikaa naye hivyo hivyo na kiu yake mpaka adhana. Siku mteja mmoja msomi alipomweleza Haji kwamba ile picha ni mtu amenyongwa, Haji alifunga bucha akaenda nayo kwa mwenyewe.

"Warya, wewe Mkaguzi. Miaka yote hii, umenining'iniza?"

"Nimekupitisha."

"Umenipitisha?"

"Mzima mzima. Hata ini."

Haji alirudi akaitia kadi kwenye fremu ya kioo, akaipachika juu ya mzani. Iko pale mpaka leo.

Watu waliposikia Mkaguzi anataka mihuri ya namna hiyo, walianza kumletea. Dereva wa lori la Moyale alimletea gurudumu. Kijana anayetembeza wageni upande wa Leparua alimletea nyota, iliyosahauliwa na mgeni kambini. Nyingine nilimwagizia mimi kwa simu, tukangoja mzigo hadi tukasahau. Mipya aliijaribu nyuma ya mkono wake kabla ya kuigonga kwenye karatasi, hivi kwamba ungemwona Jumapili anapokea sadaka kanisani na mwezi wa zambarau kwenye mkono. Wino alitumia ule ule wa nyama, ule unaolika, kwa sababu wa kawaida hakuuamini. Aliisugua mihuri kwa mswaki akimaliza, akaipanga uso juu ili mpira usibonyee. Mswaki wake mwenyewe ulikuwa umechakaa kuliko ule wa mihuri. Aliyeniambia hivyo ni mkewe.

Mama Kendi, mkewe, alikuwa na mdomo kuliko mimi. Lile kopo aliliita "wake wenzangu." Ukimwuliza Mkaguzi yuko wapi, anakuambia, "Leo ni zamu ya wake wenzangu, wamemfungia." Alicheka kwa tumbo, na yeye Mkaguzi aliyekuwa hapepesi macho mbele ya mfugaji anayelia, alikuwa akiyeyuka mke wake akianza kumtania. Hapo ndipo nilipomwelewa. Watu wengi walimdhania mtu mkavu. Mfugaji mmoja wa Kulamawe alitupiwa nyama yote ya ng'ombe wa harusi ya binti yake kwa sababu ya kifua kikuu, akalia, Mkaguzi akaendelea kuosha kisu. Jioni ile ile mbuzi akafika kwenye boma la harusi, hajulikani ametoka wapi. Mama Kendi ndiye aliyenong'ona kwamba ni wao, na kwamba mumewe alikuwa na hasira njia nzima kwa sababu alimtuma mbuzi bila kumpasua kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo lililomvunja.

Mama Kendi aliteleza kwenye bomba la maji akavunjika mguu. Nilimpelekea uji hospitali, na nilikuwepo Mkaguzi alipoingia na kopo kwapani. Plasta ilikuwa bado nyeupe kabisa. Yeye akatoa muhuri wa jua, akaupuliza.

"Jua la nini?" Mama Kendi akauliza. "Isiolo imekosa jua? Lete hilo kopo."

Akapekua mwenyewe, akatoa ile mifupa juu ya farasi.

"Piga huyu."

"Huyu ni wa vijana wa bodaboda," Mkaguzi akasema. "Wewe nakuwekea kitu kizuri."

"Huyu ni mfupa mtupu na bado amekaa kwa farasi amenyooka. Mimi nataka mfupa, sitaki jua. Piga hapa."

Akampigia. Wauguzi walikuja kuangalia, Mama Kendi akawaambia huyo ni mumewe wakati wa kuchumbiana, kabla hajampikia. Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akatuomba tumwonee huruma, mbavu zake zilikuwa zimeshonwa.

Baada ya siku chache alirudi nyumbani, akakaa vizuri. Kisha presha ikapanda, akatutoka ghafla asubuhi moja, plasta ikiwa bado mguuni.

Kendi, binti yao wa pekee, anafanya kazi ya serikali Nakuru. Alikuja kumzika mama yake, na alipokuwa akimvisha aliiona ile alama ya zambarau kwenye plasta. Wakati ule hakuuliza. Miezi kadhaa baadaye, kwenye maombi huko Nakuru, mhubiri akaonyesha picha za karata za ramli kuwaonya watu, na katikati yake Kendi akaona mifupa imepanda farasi. Akaambiwa jina lake. Karata hiyo inaitwa Kifo.

Alishuka Isiolo Jumamosi iliyofuata. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, amesimama dukani ameshika meza kwa mikono miwili.

"Ameniambia, 'Baba, ulimpigia mama muhuri wa Kifo kwa mguu, na mama akakufa.' Ameniambia hivyo, mama. Na mtoto hatukani, analia."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hiyo ni mifupa tu. Akasema nichome zote. Nisipochoma, watoto hawatakanyaga kwangu."

Wajukuu wake walikuwa wawili, na alikuwa akiwapenda kwa namna ambayo haifichiki. Kila likizo waliletwa, akawagongea picha mikononi, kwenye mashavu, kwenye chapati. Nilimwambia achome, jambo liishe. Mpira ni mpira.

"Nikichoma nimekubali," akasema. "Mimi nimetupa nyama nyingi, lakini sijatupa nyama nzima, isiyo na ugonjwa, kwa sababu mtu ameogopa. Nikichoma, nimesema nilimuua mke wangu."

"Basi mwambie ukweli. Mama yake ndiye alichagua. Nilikuwepo, nitamwambia mimi."

Hapo alinikemea kwa mara ya kwanza na ya mwisho. "Hapana. Akijua ni mama yake alijiitishia mwenyewe hiyo kitu, atabaki anamkasirikia mtu amelala. Wacha anikasirikie mimi. Mimi niko hai, naweza kubeba."

Akanitaka niahidi, nikaahidi. Ahadi hiyo niliishika mpaka alipoifungua mwenyewe, baada ya haya yote, na kuishika kulinikereketa. Mtu kama mimi kupewa maneno ya kumeza ni adhabu.

Mwaka ulipita hivyo. Likizo zikaja, watoto hawakuja. Hakununua wino. Familia moja ilimwomba kadi za harusi akasema mkono unamuuma. Haji alimketisha kwenye benchi kila jioni, wakatazama barabara. Alikuwa akija dukani bila haja yoyote, anashika kalamu hii na ile, na mara mbili tatu aliniuliza kitu kile kile, sauti chini.

"Mama, wewe ulimwona. Ule mfupa ulikuwa unaunga?"

"Ulikuwa unaunga, mzee."

"Daktari alisema hivyo?"

"Alisema. Wewe ulikuwepo."

Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba haimwingii. Nilisikia uchungu kumwona mtu yule anatafuta kosa ndani yake asilipate na bado anaendelea kupasua. Kendi nilimkasirikia, nisiseme uongo. Kisha nikikumbuka kwamba naye amempoteza mama, hasira inaniishia, nabaki sina wa kumgombeza.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa muda mrefu ni asubuhi alipomtuma Haji aniite. Nilifunga duka nikaenda. Gari la Kendi lilikuwa nje ya geti, vioo vimeshushwa, watoto wamekaa ndani kimya kama wameambiwa wasithubutu kutoka. Uani, karibu na ua wa miti ya miiba, Mkaguzi alikuwa amechimba shimo. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi na gambuti, nguo ambazo sikuwa nimemwona nazo tangu astaafu. Mihuri yote ilikuwa imepangwa juu ya meza, na kisu kando. Kendi alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, amejikunyata kwenye leso ingawa jua lilikuwa tayari linachoma.

Hakutusalimia sana. Alisema tu, akimtazama Kendi, "Nilitaka mwenye mali awe hapa, na mashahidi wawe hapa. Ndivyo inavyofanywa nyama ikikataliwa."

Akaanza. Alichukua muhuri, akautazama, akaukata mpira kwa kisu mkato wa kwenda na mkato wa kukingama, akautupa shimoni. Nyama iliyokataliwa hukatwakatwa hivyo kabla ya kuzikwa, ili mtu asiifukue akaiuza. Akaenda mmoja baada ya mwingine bila haraka. Gurudumu likaenda, na nyota, na mama wa kupooza chai. Haji aligeuka akatazama ukuta. Mimi nililia wazi wazi, sikuona sababu ya kujificha. Kwenye mifupa juu ya farasi alisimama kidogo, kidole gumba kikapita juu ya mpira, midomo ikasogea bila sauti. Nilifungua mdomo. Aliinua macho akanitazama, nikaufunga. Akakata, akatupa, akachukua jembe akafukia, akakanyaga udongo kwa gambuti mpaka ukawa sawa.

Kendi hakuondoka. Alikuwa akiutazama ule udongo, na nilipomwona usoni nilijua hakupata kitu alichokuja kutafuta.

"Baba," akasema. "Kazini ulikuwa lazima umwambie mwenye mali ni ugonjwa gani."

"Ndiyo."

"Hizi zilikuwa na ugonjwa gani?"

Mkaguzi aliegemeza jembe. Angeweza kutaja ugonjwa wowote. Binti yake alikuwa amemfungulia mlango na neno moja tu lingetosha. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha.

"Hazikuwa na ugonjwa, mwari wangu," akasema. "Nimezikataa nzima. Ni wewe nilikuwa nataka nyumbani."

Kendi akageukia getini akaita kwa sauti iliyokatika katikati.

"Tokeni kwa gari. Kujeni hapa kwa babu yenu."